Tulia Hivyo Hivyo: Safari Ndefu ya Kukituliza Kichwa

Mjini Torino, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwanafiziolojia Angelo Mosso alitengeneza meza ya mbao iliyofanya kazi kama mizani. Mtu alilala juu yake chali, kichwa upande huu na miguu upande ule, na meza ikasawazishwa juu ya ncha ya chuma mpaka ikakaa mlalo bila kuelemea popote. Hoja ya Mosso haikuwa ngumu. Mtu akifikiri, damu hukimbilia kichwani. Damu ina uzito. Basi akipewa jambo gumu la kulifikiria, upande wa kichwa utashuka.

Kabla fikra haijashusha chochote, pumzi iliitikisa meza. Kifua kilipopanda, meza iliyumba; kiliposhuka, ikayumba tena. Mlalaji akisogeza mguu kidogo tu, kipimo kizima kimeharibika. Mosso akafunga uzito chini ya meza, uliopandishwa na kushushwa kwa skrubu, ili kuyumba kule kupungue. Akamtaka mtu alale kimya kwa muda kabla ya kupimwa, damu ipate kutulia mwilini. Akarekodi pia mwendo wa kupumua, ili aweze kutofautisha kilichotoka kifuani na kilichotoka kichwani.

Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, watafiti wenye mashine za mamilioni ya dola wanafanya mambo yale yale matatu: wanazuia mtikisiko, wanasubiri utulivu, wanarekodi pumzi ili waitoe kwenye hesabu. Kilichobadilika ni ukubwa wa adui. Mosso aliogopa mguu unaosogea. Wao wanaogopa kichwa kilichosogea sehemu mbili za kumi za milimita. Na hapo ndipo ulipo mkasa wa historia hii: kadiri macho ya mashine yalivyozidi kuwa makali, ndivyo mtikisiko mdogo ulivyozidi kuwa na uwezo wa kutudanganya.

Mwanzoni dawa ya kichwa kisichotulia ilikuwa chuma. Picha za kwanza za watu, baada ya uvumbuzi wa Daguerre kutangazwa Paris mwaka 1839, zilihitaji mtu akae bila kusogea kwa muda ambao hakuna shingo inayouvumilia, kwa hiyo wapiga picha waliweka nguzo yenye makucha nyuma ya kisogo. Mwaka 1908 Victor Horsley na Robert Clarke wa London walieleza fremu ya kukibana kichwa cha mnyama ili sindano ifike mahali palepale ndani ya ubongo kila mara. Mwaka 1947 Ernest Spiegel na Henry Wycis wa Philadelphia wakaleta fremu kama hiyo kwa binadamu. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley kusini mwa London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield. Kichwa chake kiliingizwa kwenye kofia ya mpira iliyozungukwa na maji, na kila mkato wa picha ukachukua dakika kadhaa. Kwa uvimbe mkubwa kama yai, mtikisiko mdogo haukuwa na madhara makubwa. Daktari aliona alichotaka kuona.

MRI ilikuja kwa njia nyingine. Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja kivyake, walionyesha mwaka 1946 kwamba viini vya atomu vikiwekwa ndani ya sumaku vinaweza kuitika mawimbi ya redio. Paul Lauterbur aligeuza mwitiko huo kuwa picha mwaka 1973. Julai 1977 Raymond Damadian na vijana wake wakapiga picha ya kifua cha mtu mzima mjini New York. Mwenzao mmoja alikaa ndani ya mashine karibu saa tano ili ipatikane picha moja yenye ukungu. Saa tano! Mwaka huohuo Peter Mansfield wa Nottingham alipendekeza mbinu ya kuchukua mkato mzima kwa mpigo mmoja, na mbinu hiyo ilipokomaa mkato mmoja uliweza kupatikana chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mansfield na Lauterbur walipewa Nobel mwaka 2003.

Mtu angedhani kwamba kwa mbinu ya Mansfield tatizo la kutikisika limekwisha. Katika sehemu ya kumi ya sekunde kichwa hakina pa kwenda. Ni kweli kila mkato, peke yake, uliganda kama picha ya mpira uliopigwa ukiwa angani. Lakini kasi hiyo ilifungua mlango wa jambo jingine: sasa ubongo ungeweza kupigwa picha mara mamia mfululizo, na watafiti wakaanza kulinganisha picha ya sasa na ya sekunde mbili zilizopita. Picha moja ilipona. Mfululizo ndio ulioumwa.

Kilichowafanya watake mfululizo kilikuwa damu, kama kwa Mosso. Linus Pauling na Charles Coryell walikuwa wameonyesha mwaka 1936 kwamba hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo na oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, waliona tofauti hiyo ndani ya ubongo wa panya, na mwaka 1992 makundi kadhaa yakaiona kwa binadamu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi hupelekewa damu yenye oksijeni zaidi ya mahitaji yake, na ishara ya MRI mahali hapo hupanda. Hupanda kiasi gani? Asilimia moja, mbili, pengine chache zaidi. Hiyo ndiyo habari yote tunayoitegemea tunapoona zile picha za ubongo zenye mabaka mekundu magazetini.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana bila kuelewa hesabu hii ndogo mengine hayataeleweka. Picha ya ubongo inakatwa vipande vidogo vya mchemraba vinavyoitwa vokseli, kila kimoja na upana wa milimita mbili au tatu. Chukua vokseli iliyo pembezoni mwa ubongo, nusu yake nyama ya ubongo na nusu yake maji yanayouzunguka. Maji na nyama hutoa ishara tofauti sana. Kichwa kikisogea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, ndani ya vokseli ile maji yanaongezeka na nyama inapungua, na ishara inabadilika kwa asilimia kadhaa, yaani zaidi ya badiliko lote ambalo fikra ingeleta. Juu ya hapo, mashine huuamsha mkato mmoja baada ya mwingine kwa zamu. Kichwa kikihama katikati ya zamu, nyama iliyokwisha kuamshwa inaamshwa tena mapema, au inarukwa. Na kichwa chenyewe huvuruga uga wa sumaku kinapokuwa ndani yake, kwa hiyo kikigeuka, mvurugiko nao unageuka.

Joseph Hajnal na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, walionya mapema, mwaka 1994. Ukimwambia mtu abonyeze vidole kila taa inapowaka, kichwa chake nacho huitikia kidogo kila taa inapowaka. Mtikisiko unafuata ratiba ya jaribio, na picha zinaonyesha "kazi ya ubongo" ambayo ni kichwa kilichosogea tu. Programu za kompyuta zikaja kusaidia: ile ya Robert Cox pale Milwaukee, ile ya Karl Friston na wenzake pale London. Zote zilichukulia kichwa kama jiwe lisilobadilika umbo, linaloweza kwenda kwa njia sita tu. Tatu ni za kusogea: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Tatu ni za kugeuka, nazo kila Mswahili anazijua kwa shingo yake: kuitikia ndiyo, kukataa hapana, na kukilaza kichwa upande kama mtu anayesema "sijui". Kompyuta inatafuta namba sita za kila picha, kisha inairudisha picha mahali pake.

Kuirudisha picha mahali pake si kuirudisha ishara. Karani anayegonga muhuri, mkono ukimtetemeka, wino unatambaa. Unaweza kuinyoosha karatasi ile mezani mpaka ilingane na wenzake, lakini wino umekwisha kutambaa. Friston alilijua hilo, na mwaka 1996 alipendekeza kwamba baada ya kunyoosha, zile namba sita zitumike pia kuondoa mabaki kwa hesabu: namba za sasa, za picha iliyotangulia, na miraba yake. Jumla 24. Kwa majaribio yenye taa na vidole, dawa hiyo ilitosha kiasi cha watu kulala usingizi.

Miaka hiyohiyo akaja Bharat Biswal.

Alikuwa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu pale Milwaukee, akishughulika na kelele ndani ya data za MRI, zile panda-shuka ndogo ambazo wenzake walitaka ziondoke ili kazi halisi ianze. Aliwaweka watu ndani ya mashine bila kuwapa kazi yoyote. Akaona kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kushoto na ile inayoongoza mkono wa kulia zinapanda na kushuka pamoja, polepole, chini ya mara moja kila sekunde kumi, hata mikono ikiwa imelala. Makala yake ilichapishwa mwaka 1995. Wengi hawakuamini, walisema ni moyo, ni pumzi, ni uchafu wa data. Wasiwasi huo ulikuwa wa haki kuliko wao wenyewe walivyojua.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliipa hali hiyo ya utulivu hadhi yake. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na kazi unayopewa na mtafiti huongeza kidogo sana juu ya hapo. Mtu akikaa bila kazi, zipo sehemu zinazochangamka na kushikana kama mtandao mmoja. Ghafla ubongo uliotulia ukawa ndio habari. Na ulikuwa habari rahisi kupatikana: mgonjwa asiyeweza kubonyeza kitufe, mtoto asiyeelewa maelekezo, mzee aliyesahau jina lake, wote wanaweza kulala dakika kumi wakitazama msalaba mdogo kwenye kioo. Mwaka 2010 Biswal na wenzake waliweka hadharani data za watu 1,414 kutoka vituo 35. Tawi hilo la sayansi ya ubongo lilikua haraka.

Sasa tazama mtego ulivyokaa. Katika jaribio la taa na vidole mtafiti ana saa ya nje: anajua taa iliwaka lini, na anaweza kuuliza kama ishara ilifuata. Katika ubongo uliotulia hakuna saa. Kinachopimwa ni kama sehemu mbili zinapanda na kushuka pamoja. Simama ufukweni uangalie majahazi yaliyotia nanga bandarini. Mawili yakiinuka na kushuka kwa pamoja, unaweza kusema yamefungwa kamba. Pengine kweli yamefungwa. Pengine ni wimbi tu. Na wimbi lina tabia yake: majahazi yaliyo jirani hupanda nalo pamoja, yaliyo mbali hupishana, moja likiwa juu jingine liko chini. Mtazamaji asiyejua habari za wimbi ataandika kwenye daftari lake kwamba majahazi ya karibu yanafungamana sana na ya mbali yanafungamana kidogo.

Hicho ndicho mtikisiko wa kichwa unachokifanya ndani ya ubongo. Unakuza uhusiano wa sehemu jirani, unafifisha uhusiano wa sehemu za mbali.

Katikati ya miaka ya 2000 na mwishoni mwake, kundi jingine la St. Louis, likiongozwa na Steven Petersen na Bradley Schlaggar, lilikuwa likitazama jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Walichokiona kilikuwa kizuri mno. Kwa watoto wadogo sehemu jirani zimeshikana sana na za mbali zimeshikana kidogo. Kadiri mtu anavyokua, kamba fupi zinalegea na ndefu zinakaza. Makala za mwaka 2009 na 2010 zilisomwa duniani kote. Ile ya 2010, katika jarida la Science, ilitumia vipimo 238 vya watu wa miaka 7 hadi 30 na kukadiria ukomavu wa ubongo wa mtu mmoja mmoja. Wengine wakaeleza usonji kwa namna hiyohiyo: karibu kumezidi, mbali kumepungua.

Nani hutikisika zaidi ndani ya mashine? Mtoto kuliko mtu mzima. Mgonjwa kuliko mzima.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeuona mdudu alikuwa mtafiti kijana wa kundi hilohilo, Jonathan Power, mmoja wa walioandika hata ile makala ya 2009. Katika makala iliyochapishwa katika NeuroImage mwaka 2012, yeye, Petersen, Schlaggar na wenzao walionyesha kwamba mtikisiko mdogo sana, ambao kila mtu aliamini umekwisha kusafishwa, ulikuwa bado unachora ramani ile ile: jirani juu, mbali chini. Mwaka huohuo Koene Van Dijk, Mert Sabuncu na Randy Buckner walionyesha jambo hilo kwa vijana 1,000 wenye afya. Wakiwagawa kwa kiasi cha kutikisika tu, walipata tofauti za ubongo ambazo mtu angeweza kuzichapisha kama ugonjwa. Theodore Satterthwaite na wenzake wa Philadelphia, wakiwa na watoto na vijana zaidi ya 400, waliona kwamba athari ya umri na athari ya mtikisiko zimesukana kama ukili. Makundi matatu, mwaka mmoja, jibu moja.

Nimesoma historia nyingi za sayansi zinazosifu waliogundua. Ni chache zinazowasifu waliofuta. Kwangu mimi, makala ile ya 2012 ni kazi kubwa kuliko zile ilizozitia doa. Dai la kamba fupi na ndefu halikufa lote. Data ziliposafishwa vizuri zaidi sehemu yake ilibaki, ikiwa imekonda sana. Lakini waandishi walikubali kuikondesha wenyewe, kwa mikono yao, hadharani.

Kuna samaki lazima nimtaje hapa, kwa sababu watu humchanganya na habari hii. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimwingiza samoni aliyekufa ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu za kizembe zikaonyesha kwamba ubongo wake "unafanya kazi". Walipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012. Samaki yule alikuwa mfano wa kosa la takwimu, la kupima mara maelfu bila kujirekebisha. Kwa upande wa kutulia alikuwa mtu wa mfano kabisa.

Kundi la St. Louis liliacha pia kipimo ambacho maabara nyingi zinakitumia leo. Unachukua zile njia sita. Nyuzi za kugeuka unazigeuza kuwa milimita kwa kukichukulia kichwa kama tufe lenye nusu kipenyo cha milimita 50. Kisha unajumlisha kichwa kimehama kiasi gani tangu picha iliyotangulia. Picha inayozidi kiwango hutupwa pamoja na majirani zake. Kiwango kilianza na nusu milimita. Baadaye wengi walishuka hadi 0.2. Kazi hiyo waliiita kwa kitenzi cha jikoni, kusugua, na kama sufuria iliyoungua, ukisugua sana unabaki na shimo: wapo watoto ambao katika dakika kumi zao hubaki dakika mbili.

Baada ya 2012 ikafunguka karakana nzima ya usafishaji. Zile namba 24 zikawa 36. Wengine walichukua ishara kutoka kwenye maji ya ubongo na nyuzi zake nyeupe, mahali ambapo fikra haitarajiwi, wakaitoa kila mahali. Mbinu hiyo ilikuwepo tangu 2007. Wengine, kama kundi la Nijmegen mwaka 2015, walifundisha kompyuta kuigawa data katika mafungu na kuyatambua yanayonuka mtikisiko. Ukaguzi wa Rastko Ciric na wenzake mwaka 2017 ulizipima njia 14 kwa pamoja, na hakuna iliyoshinda kote: iliyofuta uhusiano wa bandia vizuri iliacha ule upendeleo wa karibu na mbali, na iliyofuta upendeleo ilikula data nyingi.

Ugomvi mkali kuliko yote ulihusu wastani wa ubongo mzima. Kuutoa wastani huo husafisha vizuri ajabu. Tatizo linaonekana ukirudi bandarini. Ukipima kila jahazi kwa kulinganisha na wastani wa majahazi yote, hata siku ambayo maji yamejaa na yote yamepanda, yatakayopanda kidogo kuliko wenzake yataandikwa kwamba yameshuka. Kevin Murphy na wenzake walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 2009: mitandao miwili ya ubongo iliyodaiwa kupingana, mmoja ukipanda mwingine ukishuka, huenda kupingana huko, angalau kwa sehemu, kumetengenezwa na kule kuutoa wastani. Na wastani wenyewe si takataka tupu. Una habari za mtu kuwa macho au kusinzia. Nao kusinzia si jambo dogo: Enzo Tagliazucchi na Helmut Laufs waliripoti mwaka 2014 kwamba theluthi moja ya watu walioambiwa watulie tu ndani ya mashine walikuwa wameshaanza kupotelea usingizini ndani ya dakika tatu. Huo ndio "ubongo uliotulia" wa baadhi ya makala zetu. Ugomvi huu haujapatiwa hukumu, na mimi siamini utapatiwa kwa hesabu peke yake.

Na pumzi? Pumzi ilirudi kudai deni lake. Mashine mpya zilipoanza kupiga ubongo mzima chini ya sekunde moja, namba za mtikisiko zilionyesha kwamba vichwa vya watu vinayumba kwa mwendo wa kawaida, mara 12 hadi 18 kwa dakika, katika mwelekeo mmoja kuliko mingine. Watu waliotulia kama gogo walionekana wanatikisika. Power na wenzake mwaka 2019, na Damien Fair na wenzake mwaka 2020, walieleza: kifua kinapojaa hewa, uga wa sumaku hubadilika hadi kichwani, na picha inasogea ingawa kichwa hakijasogea, au kimesogea kidogo tu. Watafiti waliokuwa wakitupa picha kwa kiwango cha milimita 0.2 walikuwa wanawatupa watu kwa kosa la kupumua. Fair na wenzake waliichuja mizunguko hiyo, na data nyingi zikaokolewa. Mosso angecheka, kisha angeongeza uzito chini ya meza.

Limebaki jambo moja ambalo hesabu hailifikii. Kutikisika si ajali inayomwangukia yeyote. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kiasi cha mtu kutikisika ndani ya mashine kinarithiwa kwa sehemu, na kinaambatana na uzito wa mwili. Kwa hiyo ukimtupa anayetikisika, unatupa aina fulani ya watu. Mary Beth Nebel na wenzake wa Baltimore walichunguza mwaka 2022 ni watoto gani hubaki baada ya usafishaji mkali katika tafiti za usonji, na wakaona kwamba wanaoondolewa ni wadogo zaidi na wenye dalili nzito zaidi. Yaani tunaandika habari za ugonjwa kwa kuwatazama wasioumwa sana. Hili naliona ni kosa baya kuliko lile la kamba fupi na ndefu, kwa sababu lile lilionekana kwenye picha. Hili halionekani, limebebwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Ndiyo maana macho yamegeuka tena kwenye meza ya kipimo, kabla wino haujatambaa. Tangu 2017 ipo programu ya Nico Dosenbach, Fair na wenzao inayohesabu mtikisiko hapohapo mgonjwa akiwa ndani, ili mtaalamu ajue amekwisha kupata dakika safi za kutosha au aendelee. Watoto hufanyishwa mazoezi katika mashine bandia isiyo na sumaku, wakicheza mchezo wa sanamu. Wachanga hunyonyeshwa, wakaviringishwa nguo, wakaingizwa wakiwa usingizini. Tamara Vanderwal na wenzake walitengeneza filamu ya maumbo yanayoelea polepole, isiyo na hadithi, ya kuwashika watoto macho bila kuwashughulisha sana.

Kwetu Afrika Mashariki utulivu una bei nyingine. Mwaka 2022, pale Mbarara, Uganda, ilijengwa mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu, ya militesla 46, kwa ajili ya kuwapima watoto wenye maji kichwani. Mashine ya kawaida ya tesla 3 ina nguvu zaidi ya mara 60. Sumaku ikiwa dhaifu, picha huhitaji muda mrefu zaidi, na mtoto mwenye dakika nyingi ana nafasi nyingi za kujigeuza.

Mbinu iliyonifurahisha kuliko zote ni ya watafiti wa Maastricht, Uholanzi, iliyoripotiwa mwaka 2019. Walibandika utepe wa hospitali kwenye paji la uso, kutoka upande mmoja wa kifaa kinachozunguka kichwa hadi upande wa pili. Utepe haukishiki kichwa. Hauna nguvu hiyo. Kichwa kikianza kwenda, unaivuta ngozi kidogo, na mwenye kichwa anajua na kujirudisha mwenyewe. Waliozoea kutikisika sana ndio walionufaika zaidi. Utepe huo huuzwa katika duka lolote la dawa.